Siku 12 za Kris Bryant: kinda aliyekuwa tayari kabla ya kalenda

Tarehe 30 Machi 2015, msimu ukiwa umebakiza siku sita kuanza, klabu ya besiboli ya Chicago Cubs ilimtoa Kris Bryant kwenye kambi ya timu kubwa na kumpeleka kambi ya ligi ndogo. Kinda huyo wa miaka 23 alikuwa amecheza mechi 14 za maandalizi na kupiga homurani 9, yaani mara tisa aliuvusha mpira juu ya uzio na kuzunguka besi zote nne. Hakuna mchezaji wa klabu yoyote aliyemfikia katika maandalizi ya mwaka ule. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amepiga homurani 43 katika mechi 138 za Double-A na Triple-A, ngazi mbili za juu za ligi ndogo. Siku aliyoondolewa kambini, chama cha wachezaji kilitoa tamko na kusema ni siku mbaya kwa besiboli. Tarehe 17 Aprili, Cubs wakampandisha.

Msimu ulianza 5 Aprili. Zilipita siku 12 kabla jina lake halijaingia kwenye timu, na katika siku hizo Cubs walicheza mechi 8 tu. Hapa tunafuatilia siku hizo 12: zilinunua nini, nani alilipa, na bidhaa yenyewe ilikuwaje ilipofika mkononi miaka sita baadaye.

Hesabu ya siku

Kwenye Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, haki za mchezaji hupimwa kwa siku za utumishi. Kila siku anayokuwa kwenye orodha ya timu kubwa inahesabiwa, timu icheze au isicheze, awe uwanjani, kwenye benchi au kwenye orodha ya majeruhi. Siku 172 ni mwaka kamili, na hata akikaa msimu mzima hawezi kuvuka hapo. Msimu wenyewe ni mrefu kidogo kuliko hizo 172. Mwaka 2015 ulikuwa wa siku 183. Mchezaji akitimiza miaka sita ya utumishi anakuwa mchezaji huru na anaweza kusaini na klabu yoyote kwa bei ya soko. Kabla ya hapo ni mali ya klabu yake, ambayo inaweza kumbakiza, kumuuza au kumwacha.

Mzizi wa kisa uko kwenye pengo kati ya 183 na 172. Mchezaji akianza na timu siku ya kwanza, anapata mwaka wake bila shida. Akiachwa ligi ndogo siku 12 za mwanzo, anamaliza msimu na siku 171. Miaka mitano mingine kamili ikipita anakuwa na miaka 5 na siku 171, na sheria inamwambia arudi msimu mwingine mzima. Klabu imempata kwa misimu karibu saba, badala ya sita.

Ichukue kalenda ya Bryant uhesabu mwenyewe. Kuanzia 17 Aprili hadi mwisho wa mwezi ni siku 14. Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 31, Septemba 30. Msimu uliisha 4 Oktoba, kwa hiyo ongeza 4. Jumla ni 171. Angepandishwa siku moja mapema, 16 Aprili, angefika 172 na mwaka wake ungekamilika.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki wanalipita, nalo ndilo lililofanya siku 12 zitoshe. Kila klabu ina orodha ya wachezaji 40 wenye mkataba wa Ligi Kuu, na ndani yake orodha ndogo ya wanaocheza (wakati ule 25, tangu 2020 ni 26). Mchezaji aliye kwenye ile ya 40 akishushwa ligi ndogo kwa siku zisizofika 20 kwa jumla katika msimu, anarudishiwa siku zote hizo kana kwamba hakushushwa. Klabu inayotaka kumkata siku mchezaji wa namna hiyo inabidi imweke chini siku 20 au zaidi. Bryant hakuwamo kwenye orodha ya 40. Alikwenda kambini kama mwalikwa, kwa mkataba wa ligi ndogo. Kwa hiyo kanuni ya siku 20 haikumgusa, na Cubs hawakutumia hata moja ya misimu mitatu ambayo klabu inaruhusiwa kumpandisha na kumshusha mchezaji kwa hiari. Kila kitu kilikuwa upande wao.

Nani alikuwa tayari, nani hakuwa

Cubs walisema Bryant anahitaji kazi zaidi kwenye ulinzi wa besi ya tatu. Ni kijana mrefu, zaidi ya mita 1.9, na wapo waliotilia shaka kama mwili ule utafaa kwenye nafasi inayodai kuinama haraka, kuuzoa mpira unaodunda kwa kasi na kuutupa upande wa pili wa uwanja kabla mkimbiaji hajafika besi ya kwanza. Kama hoja ya kimchezo, si hoja ya kipuuzi.

Lakini tuangalie alichokwenda kufanya huko chini. Alicheza mechi 7 na Iowa Cubs, timu ya Triple-A ya klabu hiyo. Mlinzi wa besi ya tatu hupata mipira michache ya kuokota kwa mechi, pengine miwili au mitatu, na siku nyingine hapati hata mmoja. Katika mechi 7 hiyo haivuki mipira ishirini na kitu. Hakuna mwalimu wa besiboli atakayekuambia kwamba miguu ya mchezaji wa miaka 23 inabadilika kwa mipira ishirini. Kama kweli tatizo lilikuwa ulinzi, angebaki Iowa hadi Juni. Na kama halikuwa kubwa kiasi hicho, mechi 7 hazikuongeza kitu. Kwa mtazamo wetu, sababu ile haisimami pande zote mbili.

Klabu ilikuwa na hoja nyingine yenye uzito zaidi, nayo ilikuwa wazi kwenye takwimu. Mwaka 2014 Bryant alitolewa kwa straiki tatu mara 162 (straiki huhesabiwa mpigaji akiukosa mpira au akiuacha ulio mzuri). Maana yake zaidi ya robo ya nafasi zake za kupiga ziliisha bila mpira kuingia uwanjani. Kwa mpigaji wa ligi ndogo hicho ni kiwango cha kutia wasiwasi, kwa sababu warushaji wa Ligi Kuu wana kasi zaidi na wanajua kurudia udhaifu ule ule hadi upate dawa. Kilichomwokoa ni jicho lake. Katika msimu huo huo alipewa besi ya bure mara 86, dalili kwamba alikuwa akiiacha mipira mibaya ipite. Kukosa mpira kwa nguvu si sawa na kukosa mpira kwa kutojua upi wa kupiga.

Tofauti hiyo ilikuwa imejionyesha ndani ya klabu hiyo hiyo miezi michache kabla. Javier Báez, kinda mwingine wa Cubs, alipandishwa Agosti 2014. Mechi yake ya kwanza, kwenye uwanja wa Colorado, alipiga homurani ya ushindi katika iningi (raundi ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga) ya 12. Kisha warushaji wakamsoma. Akawa anatupa gongo kwa kila kitu, hasa mipira inayopinda na kuondoka nje ya eneo la straiki. Katika mechi 52 alitolewa kwa straiki tatu mara 95 na wastani wake ukaishia .169, yaani alipata mpigo salama chini ya mara 17 katika kila nafasi 100. Mwaka 2015 alianzia Iowa na kubaki huko hadi Septemba. Kwa Báez kurudi ligi ndogo kulikuwa tiba halisi: alikuwa na kosa linalotajika, na alipewa muda wa kutosha wa kulishughulikia.

Ukiwaweka vijana hawa wawili ubavu kwa ubavu unaona namna sahihi ya kuuliza kama kinda amekomaa. Je, anatofautisha mpira wa kupiga na wa kuacha, na je, uwezo huo unabaki pale pale anapopanda ngazi? Anapata mpigo dhidi ya mrushaji ambaye tayari amemuona mara tatu au nne? Timu kubwa ina nafasi ya kumchezesha kila siku? Hili la mwisho linasahaulika mno. Kinda anayepandishwa ili akae benchi siku nne kwa wiki anapoteza mapigo, na macho yake yanapoa. Afadhali abaki Triple-A akicheza mechi sita kwa wiki. Cubs wa 2015 walikuwa na nafasi: besi ya tatu ilikuwa mikononi mwa Mike Olt, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepiga kwa shida sana. Na Olt alipopigwa na mpira kwenye kifundo cha mkono mwezi Aprili, nafasi ikawa tupu kabisa. Klabu ilitaja jeraha hilo kama sababu ya kumwita Bryant. Aliitwa siku ya kwanza kabisa ambayo mwaka wake usingetimia.

Alivyoanza

Mechi ya 17 Aprili ilichezwa Wrigley Field, uwanja wa nyumbani wa Cubs, dhidi ya San Diego Padres. Bryant aliwekwa nafasi ya nne katika mpangilio wa wapigaji, nafasi ya mpigaji mwenye nguvu kuliko wote. Mrushaji alikuwa James Shields, mzoefu ambaye mpira wake wa taratibu ulikuwa umewaaibisha wapigaji wengi kuliko ule wa kasi. Bryant alipata nafasi nne, hakupata hata mpigo mmoja, na mara tatu alitolewa kwa straiki. Padres walishinda 5-4.

Tunaitaja siku hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha kitu ambacho ligi ndogo isingeweza kumfundisha. Huko Iowa warushaji wenye uwezo wa kurusha mpira wa taratibu kwa mkono unaosogea kama wa mpira wa kasi, na kuutumia tena wakati mpigaji anausubiri, ni wachache. Somo lile linapatikana juu tu. Alilipata polepole: alimaliza 2015 akiwa ametolewa kwa straiki tatu mara 199, lakini pia akiwa na homurani 26, mikimbio 99 iliyotokana na mapigo yake, na kura zote za Mchezaji Bora Mgeni (mgeni ni aliye katika msimu wake wa kwanza) wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Cubs, waliokuwa wamepoteza mechi 101 mwaka 2012, 96 mwaka 2013 na 89 mwaka 2014, walishinda 97.

Baada ya msimu huo alibadilisha njia ya gongo lake. Awali lilikuwa likipanda mno, likitafuta mpira wa chini na kuupeleka juu. Mpira wa kasi uliorushwa juu ya kifua ulikuwa ukimpita. Akalipunguza mwinuko ili gongo likae muda mrefu zaidi kwenye njia ya mpira. Mwaka 2016 straiki tatu zilishuka hadi 154 katika nafasi nyingi zaidi, homurani zikapanda hadi 39, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Usiku wa 2 Novemba 2016 huko Cleveland, katika mechi ya kuamua ubingwa, iningi ya 10, ni yeye aliyeokota mpira wa mwisho. Nyasi zilikuwa zimelowa, mguu ukamteleza wakati anatupa, na tabasamu lilikuwa usoni kabla mpira haujafika kwenye glavu ya Anthony Rizzo, mlinzi wa besi ya kwanza. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Cubs tangu 1908.

Pesa ilivyotembea

Hapa inabidi twende taratibu, maana ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili.

Kinda aliyepanda hulipwa kima cha chini, au zaidi kidogo kwa hisani ya klabu. Mwaka 2015 kima hicho kilikuwa dola 507,500. Mwaka 2016, mwaka aliochaguliwa mchezaji bora, Bryant alilipwa dola 652,000. Mwaka 2017 dola milioni 1.05. Baada ya miaka mitatu ya utumishi mchezaji anaingia kwenye usuluhishi wa mishahara: yeye anataja kiasi, klabu inataja chake, na wasipokubaliana jopo linachagua kimoja kati ya viwili bila kugawa katikati. Mishahara hapo inapanda kwa kasi.

Upo mlango wa pembeni unaoitwa Super Two. Wachezaji wenye miaka miwili na ushee ya utumishi hupangwa kwa idadi ya siku, na asilimia 22 ya juu wanaingia kwenye usuluhishi mwaka mmoja mapema. Mwisho wa 2017 Bryant alikuwa na miaka 2 na siku 171. Hakuna anayeweza kuwa na siku nyingi kuliko hizo bila kuwa na miaka mitatu. Akaingia moja kwa moja.

Matokeo yake ni kwamba siku 12 hazikuokoa hata senti ya mishahara ya 2018, 2019 na 2020. Kwa vyovyote vile angeingia usuluhishi mwaka 2018. Alilipwa dola milioni 10.85 mwaka huo, kisha 12.9 mwaka 2019, na 18.6 kwa mkataba wa 2020 (msimu ulifupishwa hadi mechi 60 kwa sababu ya korona, na mishahara ikakatwa kwa uwiano huo). Kitu pekee kilichonunuliwa ni mwaka 2021, nao haukuwa wa bure: uligharimu dola milioni 19.5. Klabu inayotaka kukwepa pia Super Two inabidi imwache kinda ligi ndogo hadi karibu Juni, na huo ni uamuzi mzito zaidi, kwa sababu unapoteza miezi miwili ya mchezaji mzuri wakati timu inapigania nafasi.

Kwa hiyo ukiiandika kama biashara, inasomeka hivi: mechi 8 za Aprili 2015, pamoja na imani ya mchezaji na wakala wake, kwa haki ya kumwajiri mwaka 2021 kwa mshahara wa usuluhishi badala ya kushindana naye sokoni. Mwaka 2015 mtu yeyote angesema ni biashara nzuri. Kinda aliyekuwa mtarajiwa bora nchini angekuwa na miaka 29, kilele cha mpigaji.

Malalamiko na hukumu

Desemba 2015 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi, kikidai kwamba Cubs walimzuia Bryant kwa makusudi ili kumnyima mwaka wa utumishi, kinyume na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya klabu na chama hicho. Usikilizwaji ulifanyika Oktoba 2019. Uamuzi wa msuluhishi Mark Irvings ulitoka mwisho wa Januari 2020, na ulikuwa upande wa klabu.

Kisheria hatuoni jinsi ambavyo ungeweza kwenda kwingine. Mkataba uliipa klabu mamlaka ya kuamua nani anacheza wapi. Ili kushinda, chama kilipaswa kuthibitisha nia, na nia inathibitishwa kwa barua, maelezo au mtu aliyesema wazi. Kalenda peke yake, hata iwe ya kushangaza namna ile, inaweza kuelezwa kwa jeraha la Olt. Ndiyo maana hakuna kiongozi wa klabu aliyekuwa tayari kusema hadharani kinachojulikana na wote. Februari 2021 rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, alizungumza kwa uwazi mbele ya kundi moja la kijamii kuhusu kuwazuia makinda kwa ajili ya siku za utumishi. Video ikasambaa, na akajiuzulu ndani ya siku chache.

Gharama nyingine ya malalamiko ni muda. Kwa zaidi ya miaka minne hakuna aliyekuwa na uhakika kama Bryant atakuwa huru mwisho wa 2020 au wa 2021. Klabu nyingine ikitaka kumnunua, inanunua mwaka mmoja au miwili? Tofauti hiyo ndiyo bei nzima. Majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020, Cubs walikuwa wakitajwa sana kama wauzaji, lakini karibu majira yote yalipita bila jibu. Hukumu ilipotoka, kambi za maandalizi zilikuwa wiki mbili tu mbele.

Mwaka ulionunuliwa

Msimu wa 2020 ulikuwa mbaya kwa Bryant. Aliumia mara kwa mara, akacheza mechi 34, akapiga homurani 4 na wastani wa .206. Novemba 2020 Theo Epstein, rais wa besiboli wa Cubs aliyeijenga timu ya ubingwa, aliondoka. Jed Hoyer, aliyekuwa chini yake tangu mwanzo, akachukua usukani. Mtu aliyenunua mwaka 2021 hakuwepo kuutumia.

Mwaka wenyewe ulipofika, timu ilikuwa imezeeka na kuelemewa na mishahara. Tarehe 24 Juni Cubs waliwazuia Los Angeles Dodgers kupata hata mpigo mmoja. Siku iliyofuata ulianza mfululizo wa vipigo 11. Mwezi mmoja baadaye nyumba ikavunjwa: Rizzo alikwenda New York Yankees 29 Julai, na 30 Julai Báez akaenda New York Mets, Bryant akaenda San Francisco Giants. Kwa Bryant walipokea makinda wawili, mpigaji Alexander Canario na mrushaji Caleb Kilian. Mwaka ulionunuliwa mwaka 2015 ukawa miezi minne ya mchezaji mzuri katika timu iliyoshindwa, na vijana wawili wasiokuwa na nafasi ya kudumu hata miaka mitatu baadaye.

Upande wa Bryant picha inageuka pia, na hili ndilo lililotufanya tuichukue kesi hii badala ya nyingine. Kama angepata mwaka wake kamili, angeingia sokoni mwisho wa 2020, akitoka kwenye wastani wa .206 na mwili wenye majeraha, wakati klabu zilikuwa zimecheza msimu mzima bila mashabiki na kila moja inabana matumizi. Badala yake aliingia mwisho wa 2021, akitoka kwenye msimu wa homurani 25 na mbio za Giants walioshinda mechi 107. Machi 2022 alisaini na Colorado Rockies miaka 7 kwa dola milioni 182. Hatuwezi kusema Cubs walimfanyia hisani, maana walichukua uhuru wake wa kuchagua, na uchaguzi ule ulikuwa wake. Lakini kwa hesabu za pesa, kucheleweshwa kunaelekea kumfaa yeye kuliko klabu. Miaka sita mbele hakuna anayeona, na klabu inayokata siku 12 leo inanunua kitu ambacho thamani yake itaamuliwa na misuli, majeraha na hali ya timu ambayo bado haijaundwa.

Njia walizochukua wengine

Mwaka 2019 klabu mbili zilikataa mtego huu. San Diego walianza msimu na Fernando Tatis Jr., na New York Mets wakaanza na Pete Alonso. Alonso alipiga homurani 53, rekodi ya mchezaji mgeni, na akawa Mchezaji Bora Mgeni. Mets walilipa kwa kupoteza haki juu yake mwaka mmoja mapema: akawa huru mwisho wa 2024. Lakini walipata msimu mzima wa mpigaji aliyekuwa tayari.

Njia ya tatu ni kusaini mkataba mrefu kabla kinda hajapanda. Milwaukee Brewers walimpa Jackson Chourio miaka 8 kwa dola milioni 82 Desemba 2023, kabla hajacheza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Baada ya hapo siku za utumishi hazina maana tena, na alianza 2024 na timu kubwa bila mjadala. Hatari iko kwa klabu kama kijana ataanguka, na kwa kijana kama atapaa.

Tukumbuke pia kwamba wengi hawafiki hata kwenye mjadala huu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na akapandishwa 26 Aprili 2017. Nafasi yake ya kwanza ya kupiga alipata mpigo safi, na mrushaji alikuwa Jon Lester wa Cubs. Kwa mchezaji kama yeye, siku 12 si kitu cha kupigania. Kupanda kwenyewe ndiko kulikuwa kazi ya miaka.

Kanuni zilivyobadilika

Mkataba wa hali bora wa Machi 2022, uliopatikana baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji nje kwa siku 99, uliligusa pengo la siku kwa njia mbili.

Ya kwanza ni adhabu kwa klabu. Kinda aliyeorodheshwa miongoni mwa 100 bora akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za Mchezaji Bora Mgeni wa ligi yake, anapewa mwaka kamili wa utumishi hata kama alipandishwa kwa kuchelewa. Adley Rutschman wa Baltimore Orioles alipandishwa 21 Mei 2022, akamaliza wa pili, akapata mwaka wake. Paul Skenes wa Pittsburgh alipandishwa 11 Mei 2024, akashinda, naye akaupata.

Ya pili ni zawadi. Klabu ikimweka kinda kwenye timu mapema kiasi cha kutimiza siku 172 kwa hesabu ya kawaida, na kinda huyo alikuwa na siku zisizofika 60 za utumishi na yumo kwenye angalau orodha mbili kati ya tatu za makinda 100 bora (Baseball America, ESPN na MLB.com), klabu inaweza kupewa nafasi ya ziada ya kuchagua kwenye drafti (zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua vijana wapya) baada ya raundi ya kwanza. Sharti ni kinda ashinde tuzo ya mchezaji mgeni, au amalize ndani ya watatu wa juu kwenye tuzo ya mchezaji bora au ya mrushaji bora kabla hajaingia kwenye usuluhishi. Seattle walianza 2022 na Julio Rodríguez, akashinda, na wakapata nafasi hiyo kwenye drafti ya 2023. Kansas City walianza 2022 na Bobby Witt Jr.; hakushinda mwaka ule, lakini alikuwa wa pili kwa mchezaji bora mwaka 2024, na klabu ikalipwa kwenye drafti ya 2025.

Hizi mbili hazichanganyiki. Mwaka wa utumishi unaotokana na kura hauiletei klabu nafasi ya drafti. Orioles walipoteza mwaka wa Rutschman na hawakupata kitu. Pirates vivyo hivyo kwa Skenes. Na mwanya wenyewe bado upo kwa kinda mzuri ambaye si wa kushinda tuzo, yule anayemaliza wa nne au wa saba kwenye kura, au asiye kwenye orodha yoyote. Kwake siku 172 zinahesabiwa kama zilivyohesabiwa kwa Bryant, na mwisho wa Machi bado anasubiri kuambiwa ulinzi wake unahitaji wiki mbili zaidi.